Mwinyi Aliyepotewa na Kifaransa

14 Septemba 1903, Jumatatu

Mvua asubuhi, mchana jua. Nimepanga herufi za kurasa mbili za Punje, gazeti la Mwinyi. Mwinyi Tugdual ameandika makala juu ya reli mpya, na mahali pa kusema treni ameweka neno alilolichimbua kwenye kitabu cha watawa wa kale. Jakez, anayeendesha mtambo, amelisoma kwa sauti, akaniuliza kama ni maradhi ya ng'ombe. Nimelitoa, nikaweka neno tunalolisema sote. Mwaka wa kumi na tisa huu nafanya hivyo, na Mwinyi hajawahi kusema kitu. Sijui haoni, au anaona na ananyamaza.

15 Septemba

Matufaha ya kwanza yameanguka. Nyigu wengi.

17 Septemba, Alhamisi

Mwinyi ameanguka leo, hapa hapa kwenye banda la zamani la farasi tunamochapia gazeti.

Aliingia na hotuba yake ya Bungeni mkononi. Hupenda kunisomea kabla hajaenda Paris, ingawa anajua siasa zinanichosha. Alikuwa anasoma kwa Kifaransa, kwa ile sauti yake ya kibunge, mkono mmoja kiunoni. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nikadhani anatafuta neno. Karatasi zikamtoka moja moja, akazitazama zinavyoanguka kana kwamba ni za mtu mwingine, kisha goti la kulia likamkunjika. Jakez alimdaka kabla kichwa hakijagonga meza ya herufi.

Tumembeba juu ya ubao wa mlango. Mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umekufa. Daktari ametoka mjini na gari lake la farasi, akasema ni kiharusi, tusubiri.

Bibi Hortense alikuwa amesimama ngazini amevaa glavu, anajiandaa kutoka. Alizivua kidole kimoja kimoja, akaagiza tumlaze chumba cha chini ili asipandishwe ngazi. Hakulia. Naandika hivyo kwa sababu nilimtazama makusudi nione kama atalia.

18 Septemba

Hajasema.

19 Septemba

Hajasema. Mvua.

20 Septemba, Jumapili

Amesema.

Tulikuwa watatu chumbani: daktari, Bibi na mimi, niliyepeleka shuka. Daktari aliinama karibu kabisa na uso wake, akamwuliza kwa Kifaransa jina lake ni nani. Mwinyi alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayekuuliza njia kwa lugha ya kwao. Akaulizwa tena, kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo akageuza macho akaniona.

"Azilis," akasema kwa Kibretoni, lugha ya huku kwetu, taratibu, mdomo ukiburura, "nani huyu ananipumulia vitunguu usoni?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukingo wa kitanda.

"Amesema nini?" Bibi akauliza.

Daktari akajibu kabla yangu. "Hajasema kitu, Bibi. Ni sauti tu. Akili imeguswa."

"Si sauti, daktari," nikasema. "Ni Kibretoni. Anauliza wewe ni nani." Vitunguu nikaviacha.

Daktari alimjaribu kwa nusu saa. Kifaransa hakimo. Mtu aliyesema Bungeni miaka ishirini na miwili, aliyewakalisha chini mawaziri, leo hawezi kusema mkate kwa Kifaransa wala halielewi neno hilo akiambiwa. Na Kibretoni alichobakiwa nacho si kile cha makala zake. Ni cha mama yangu, Levenez, aliyemnyonyesha yeye ziwa la kushoto na mimi la kulia, akatulea pamoja jikoni mpaka tukafika miaka saba, yeye akapelekwa kwa mapadri na mimi kwa bata. Kinywani mwake nimemsikia mama yangu. Na mama amefariki mwaka wa kumi na mmoja huu.

22 Septemba

Nimeambiwa niache kupanga herufi, nikae naye kutwa. Jakez anasema mtambo utashika kutu. Nimemwambia aupake mafuta na aache kulalamika.

24 Septemba

Ananiita dada, na mimi namwita Dual kama zamani. Mbele ya Bibi nasema Mwinyi.

27 Septemba, Jumapili

Leo nimetenda jambo ambalo padri hatalisikia kwanza. Nalileta hapa kabla yake.

Bibi alikuwa ameketi upande wa dirisha, na kitambaa chake cha kutarizi. Kila siku anakuja saa nne, anakaa saa moja, mgongo wima, anaondoka. Dual alimtazama muda mrefu. Kisha akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Mwambie Hortense," akasema, "nilimleta kwenye nyumba ambayo kila mlango unasema lugha asiyoijua. Miaka thelathini na miwili. Nimewachapia kamusi watu wa nchi nzima, na yeye sikumfundisha hata kuomba mkate jikoni. Mwambie naona haya."

Bibi aliinua uso. "Anataka nini?"

"Anaomba maji, Bibi," nikasema.

Alinyanyuka mwenyewe, akammiminia, akamshikia bilauri. Dual akanywa, maana alipewa. Akawa anamtazama usoni kungoja jibu, na jibu likawa leso ya kumpangusa kidevu.

Kwa nini nimefanya hivyo? Nikisema sijui nitakuwa nimesema uongo mara mbili kwa siku moja. Tangu tuwe na miaka saba sijawahi kuwa naye peke yangu. Alikuwa wa mapadri, halafu wa Paris, halafu wa wapiga kura, halafu wa huyu mwanamke. Sasa humu ndani hana mtu wa kusema naye isipokuwa mimi na Perrina wa jikoni, na Perrina anamwogopa. Tena nakumbuka siku tuliyomzika mama. Mvua ilikuwa kubwa, na Dual hakuja makaburini kwa sababu mkewe alikuwa na wageni mezani. Hilo nimelitunza miaka kumi na moja kama jiwe kwenye kiatu.

29 Septemba

Tumeanza kukamua matufaha. Harufu imeingia mpaka chumbani kwake. Amelia kidogo, akasema ni mafua.

4 Oktoba, Jumapili

Bwana Gaspard amefika kutoka Paris, na sare zake za ukapteni. Ana miaka thelathini na uso wa babake kabla haujapinda. Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika babake mkono.

"Ndama wangu," Dual akamwambia. "Umekonda. Huko jeshini wanakulisha majani?"

"Amesema nini, Bi Azilis?"

Nikamweleza neno kwa neno. Tangu ile siku ya maji naeleza kila kitu kama kilivyo, kana kwamba kwa kufanya hivyo nitafuta lile moja.

"Ndama?" Masikio yalimwiva. "Ananiona mnyama?"

"Ni jina la kumbembeleza mtoto, Bwana. Mama yangu alimwita yeye hivyo hivyo."

Hakuridhika. Alitoka akaenda kuongea na daktari bustanini. Niliwaona kupitia dirisha wakitembea baina ya mapipa, daktari akijigonga paji la uso kwa kidole.

7 Oktoba

Gazeti la Paris limefika. Wameandika kwamba mtetezi wa Kibretoni hatimaye amepata alichokitaka: sasa anacho hicho tu. Gaspard alilisoma mezani, akalichana vipande vidogo vidogo. Nilimhurumia. Kijana anampenda babake, na anateseka anapoona watu wanamcheka. Tatizo anadhani kumficha ndiko kumlinda.

11 Oktoba, Jumapili

Nimeambiwa na Bibi mwenyewe, kwenye korido. Wamepeleka ombi mahakamani. Jaji atakuja kumhoji Mwinyi hapa nyumbani tarehe kumi na saba Novemba, na akimkuta hana akili timamu, Gaspard atakuwa msimamizi wake. Punje litafungwa. Mwinyi atapelekwa Paris, kwa masista wanaotunza wagonjwa wa aina hiyo.

"Masista hao wanasema Kibretoni, Bibi?" nikamwuliza.

"Sidhani."

"Basi atakuwa anazungumza na nani?"

Alinitazama. "Azilis, anazungumza na nani sasa hivi? Na wewe. Mimi ni mkewe, na najua anachotaka ukipenda kuniambia. Daktari anasema akili imekwenda. Mwanangu anasema hivyo. Wewe unasema haijakwenda. Nimesaini kwa sababu wao ni wawili na wewe ni mmoja."

Akaenda zake. Alisema ukipenda kuniambia, na hakujua amegusa wapi.

12 Oktoba

Mvua. Pipa la tatu la matufaha.

14 Oktoba

Perrina ananiambia Bibi ameshuka jikoni mara mbili, akasimama mlangoni akisikiliza. Perrina anadhani anachunguza siagi.

19 Oktoba, Jumatatu

Mvua kutwa nzima, uwanja umekuwa matope.

Saa nne Bibi alikuja chumbani kama kawaida, ila hakuwa na kitambaa chake cha kutarizi. Alikuwa na kijitabu kidogo chenye kalamu yake kwenye kamba. Dual alikuwa amelala. Akaketi karibu nami, kwa mara ya kwanza tangu niifahamu nyumba hii.

"Jana alimwambia Perrina neno, na Perrina akaleta maji," akasema kwa Kifaransa chake kisafi. "Dour. Nimelisema sawa?"

"Sawa, Bibi."

"Nimesikiliza wiki nzima. Kila akitaka maji anasema dour. Lakini ile Jumapili uliponiambia anaomba maji, alisema maneno mengi sana, na hilo halikuwemo. Alisema jina langu. Alisema nini, Azilis?"

Ningeweza kusema nimesahau. Nikamwambia yote, kila neno kama nilivyoliandika hapa: nyumba ambayo kila mlango unasema lugha asiyoijua, kamusi, mkate, haya. Nilisema huku natazama sakafu.

Nilipoinua macho, machozi yalikuwa yanamshuka bila uso wake kubadilika, kama maji yanavyoshuka kwenye kioo cha dirisha.

"Kwa nini ulinificha?"

Nikamwambia na hilo pia. Nikamwambia kuhusu mama, mvua, mazishi, wageni mezani.

"Siku gani?" akauliza. "Mama yako alizikwa siku gani?"

"Ijumaa, Bibi. Februari, mwaka wa tisini na mbili. Walikuja wabunge wawili na wake zao."

Alifumba macho akikumbuka. "Aliniambia amefariki mwanamke mmoja wa shambani. Une femme de la ferme. Nilimwuliza kama ni lazima aende, akasema si lazima." Akafumbua macho. "Hakuniambia ni mama yake. Mimi nilimzaa Gaspard nikampa mama wa kumnyonyesha. Unadhani nisingejua maana yake? Ningekwenda na mimi. Ningewaacha wale watu na supu yao."

Nilimtazama Dual aliyelala, mdomo wazi. Miaka kumi na moja namchukia mtu kwa kosa la mwingine. Kwa Kibretoni, usiku wa msiba, alimlilia mama yangu jikoni kwetu mpaka akashindwa kusimama. Kwa Kifaransa alikuwa mwanamke mmoja wa shambani. Ndugu yangu alikuwa watu wawili, na kila mmoja wetu, mimi na huyu Bibi, tulipewa nusu.

"Nifundishe," Bibi akasema, akafungua kijitabu. "Zimebaki siku ishirini na tisa."

20 Oktoba

Masomo manne: mkate, chumvi, mto, dirisha.

21 Oktoba

Perrina amemcheka Bibi mbele yake. Bibi amesema rudia polepole. Perrina akarudia polepole, akacheka tena.

25 Oktoba, Jumapili

Kwa Kibretoni njaa ni naon na hofu ni aon. Zinatenganishwa na sauti moja. Leo Bibi alikaa kitandani, akamshika Dual mkono, akakusanya nguvu zake zote amwambie kwamba anaogopa hiyo siku ya jaji. Badala yake akamwambia ana njaa.

Dual alistuka. "Hawampi chakula? Azilis, hawampi chakula mke wangu?" Akapiga kelele za kuita jikoni, Perrina akaja mbio, akaamrishwa alete chapati za ngano nyeusi, mayai na siagi, haraka. Bibi alikula zote. Hakuelewa alichokosea, ila alielewa kwamba mumewe amempigania kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, hata kama ni kwa ajili ya chapati. Nilipomweleza baadaye koridoni alicheka, mkono mdomoni, kama msichana.

28 Oktoba

Dual anataka kazi. Nimepeleka kidaftari na penseli, anasimulia, naandika. Leo amesimulia jinsi mimi na yeye tulivyomfungia padri kwenye banda la kuku. Nilimwuliza kama hilo nalo litaingia gazetini.

"Kwa nini lisiingie?"

"Watu watacheka, Dual."

"Walikuwa wanalia walipokuwa wananisoma?" "Azilis. Yale maneno yangu ya kale. Ulikuwa unayatoa."

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona. Nilikuwa nayaandika usiku, najiona msomi, halafu nasoma gazeti lilivyotoka, nasema, afadhali. Kiburi kilinikataza kukushukuru."

Nilinoa penseli ambayo haikuhitaji kunolewa.

1 Novemba, Jumapili

Watakatifu Wote. Bibi ameniomba nimpeleke kwenye kaburi la mama. Tulikwenda baada ya misa, matope mpaka vifundoni. Alikuwa ameniuliza maneno tangu jana, akayakariri. Alisimama mbele ya jiwe, akasema kwa Kibretoni: "Asante kwa maziwa." Hakuwa na maneno mengine. Wanawake wa kijiji waliokuwa karibu walipiga ishara ya msalaba.

5 Novemba

Tumechapa Punje, kurasa nne tu, kama alivyosimulia. Sikubadilisha hata nukta. Jakez alicheka kwenye kisa cha padri hadi akasimamisha mtambo.

9 Novemba

Watu wanafika mlangoni kuuliza kama toleo limebaki. Halijabaki. Mfinyanzi mmoja ametembea tangu alfajiri kwa sababu ameambiwa Mwinyi siku hizi anaongea kama mtu.

13 Novemba

Baridi. Gaspard amerudi kwa ajili ya shauri. Amemkuta mamake jikoni anabishana na Perrina juu ya chumvi, kwa Kibretoni kibovu. Alibaki kasimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyekosea nyumba.

17 Novemba, Jumanne

Naandika usiku huu huu, nisisahau hata neno.

Jaji alifika saa tano, mzee mwembamba mwenye miwani, pamoja na karani. Tulikuwa tumemvika Dual koti lake jeusi na kumketisha kwenye kiti cha mikono karibu na moto. Gaspard alisimama nyuma, Bibi upande wa kulia. Mimi nilijipanga kushoto, tayari kutafsiri.

"Huyu ni nani?" Jaji akauliza.

"Mtumishi wa mtambo wa uchapaji, Mheshimiwa," karani akasoma. "Na ni ndugu yake wa kunyonya."

"Basi hawezi kutafsiri. Gazeti likifungwa atakosa kazi. Nimekuja na mkalimani wa mahakama."

Mkalimani alikuwa bwana mmoja mnene kutoka Vannes, kusini. Kibretoni cha huko na chetu ni ndugu wasioandikiana barua. Alimwuliza Dual swali refu. Dual akageuka kwangu.

"Dada, huyu anabweka au anakohoa?"

Mkalimani akanyoosha koti. "Mheshimiwa, mgonjwa anatamka ovyo, kama mlevi. Simwelewi."

Karani akaandika. Niliisikia kalamu ikikwaruza karatasi: haeleweki. Nilifungua mdomo, na jaji akaninyooshea kidole ninyamaze. Nikajua imekwisha. Nikaona Paris, korido ndefu, masista wema wakimwinamia na kumpazia sauti, na yeye akiomba maji mpaka achoke.

Bibi Hortense akasimama. "Nitatafsiri mimi."

Gaspard akasema, "Mama."

"Wewe, Bibi?" Jaji akapekua karatasi zake. "Sahihi yako iko kwenye ombi hili."

"Ndiyo. Kwa hiyo huwezi kusema nampendelea."

Jaji alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Haya. Mwulize huyu kijana nyuma yake ni nani."

Bibi aliuliza, polepole, akipanda kila neno kama ngazi yenye utelezi. Dual akajibu polepole vile vile, akimchagulia maneno aliyojua anayajua. Niliona anavyofanya hivyo. Alikuwa anamsaidia.

"Anasema," Bibi akaeleza, "ni Gaspard, mwanawe. Alizaliwa… miguu mbele. Na mpaka leo," midomo ilimtetemeka kwa kicheko, "akiingia ndani ni vivyo hivyo."

"Ni kweli alizaliwa hivyo?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Mimi nilikuwepo."

Hata karani alicheka. Gaspard aliangalia viatu vyake, na mimi nikaona bega lake likitikisika.

"Mwulize kama anajua yeye ni mbunge."

Hilo lilichukua muda. Neno la mbunge hatukuwa tumelisoma. Bibi alisema "mtu wa nyumba ya maneno," Dual akaelewa.

"Anasema alikuwa. Mbunge asiye na Kifaransa ni kengele isiyo na ulimi. Anaomba karani aandike kwamba leo anajiuzulu, na kwamba anawashukuru waliompigia kura." Akasikiliza tena. "Lakini gazeti haliachi. Anasema gazeti ndiyo kwanza limeanza."

Jaji aliandika mwenyewe. Kisha akauliza swali la mwisho: je, anakubali kwenda Paris kutunzwa na masista?

Nje mvua ilikuwa imeanza. Dual aliposema hakumtazama jaji, alimtazama mkewe, na wala hakumchagulia tena maneno mepesi. Alisema kama yalivyomjia. Mimi niliyaelewa yote papo hapo. Bibi alikunja uso akisikiliza. Alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena neno moja, akalirudia. Kisha nikaona yamemfika.

"Bibi," Jaji akasema, "anasemaje?"

Alinitazama. Nilijua anachokifikiria, maana mimi nimewahi kusimama pale pale. Ilikuwa rahisi kabisa. Angeweza kusema hataki kwenda, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi.

"Anasema," akaanza, na sauti yake ilikuwa imara, "mwulizeni mke wangu. Nilimleta huku bila kumwuliza. Kama anataka kurudi kwao Paris, nitakwenda naye. Nitakaa bubu huko kama alivyokaa yeye hapa. Ni zamu yangu."

Gaspard aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha babake.

"Na wewe, Bibi?" Jaji akauliza kwa upole. "Unachagua nini?"

Hakumjibu yeye. Aliinama mbele ya kiti, akamshika mumewe uso kwa viganja vyote viwili, ule upande mzima na ule uliokufa, akasema kwa Kibretoni: "Mimi ninabaki." Kitenzi alikikosea.

Jaji akamgeukia karani, karani akamgeukia mkalimani wa Vannes.

"Hicho nimekielewa, Mheshimiwa," mkalimani akasema, akapenga pua kwa leso.

18 Novemba

Ombi limetupwa. Mvua, na sijali.

19 Novemba

Gaspard ameondoka. Kabla ya kupanda gari alikuja bandani, akasimama kando ya meza yangu, akachezea herufi.

"Bi Azilis, nataka kumuaga kwa lugha yake. Kitu kifupi."

Nilimfundisha kusema "ndama wako anakwenda." Alirudia mara sita. Nilimtazama kupitia dirishani akirudi nyumbani, midomo ikicheza.

27 Novemba

Toleo la pili. Tumeongeza nakala mia, zimekwisha.

3 Desemba

Theluji kidogo, ikayeyuka.

8 Desemba

Neno la kwanza la Kifaransa limerudi. Alikuwa anatazama nje, akasema fenêtre, dirisha, halafu akashangaa mwenyewe kama aliyekuta kitu mfukoni. Bibi akampongeza kwa Kibretoni.

13 Desemba, Jumapili

Kifaransa kinarudi vipande vipande, saba leo, kumi kesho. Daktari amekuja kujipongeza. Dual anang'ang'ania kusema na mkewe kwa hicho kidogo alicho nacho, na mkewe anang'ang'ania kumjibu kwa Kibretoni. Kila mmoja yumo katika lugha ya mwenzake, na wote wawili wanakosea.

19 Desemba, Jumamosi

Baridi kali. Nimepanga herufi kutwa, kurasa zote nne za toleo la Krismasi. Saa kumi na moja niliingia jikoni kupata supu. Kupitia ukutani niliwasikia Dual na Bibi wakigombana kuhusu pazia, Dual anataka lifungwe, Bibi anataka libaki wazi aone bustani. Sauti zilipanda. Dual alitafuta neno, hakulipata, akatumia la mama yangu. Bibi akamrudishia la Perrina. Kisha wakacheka.

Nilikuwa nimeweka kijiko chini, tayari kunyanyuka. Nikangoja. Hawakuniita. Nikamaliza supu yangu.